Kufungua bolti na nati zilizoliwa na kutu bila kuzikata: kwa wanaotengeneza gari nyumbani Goma

Bolti ikikatikia ndani ya chuma, kazi ya saa moja hugeuka kazi ya siku tatu. Mara nyingi hukatika kwa sababu moja tu: aliyeshika kle (spana) aliongeza nguvu pale alipopaswa kuongeza muda. Kutu inashindwa kwa utaratibu. Unasafisha, unalowesha, unagonga, unatikisa, unapasha moto, na unakata pale tu mengine yote yameshindikana. Kila hatua inapunguza nguvu itakayohitajika kwenye ile inayofuata, kwa hiyo ukiruka moja utailipia mbele.

Magari ya Goma yana sababu zake za kushika kutu. Mengi ni Toyota zilizotumika kwanza Japani, na zile zilizotoka upande wa baridi wa nchi hiyo, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, hufika hapa zikiwa zimeanza kuliwa chini ya sakafu. Kisha kuna Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji. Moshi wake una gesi ya salfa dioksidi, na gesi hiyo ikikutana na mvua inakuwa asidi. Vumbi jeusi la lava nalo linajikusanya kwenye kona za chasisi na kushika unyevu kwa siku nyingi baada ya mvua kukatika. Gari linalolala nje linaonyesha hayo yote kwenye bolti za chini kabla ya kuonyesha kwenye bodi.

Ndani ya nyuzi hakuna gundi. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila, na ule upenyo mdogo kati ya nyuzi za bolti na za nati unajaa unga uliovimba unaobana pande zote. Ukilazimisha, unga unasagika na kujikusanya mbele ya nyuzi kama kabari. Ndiyo maana nati iliyoanza kuzunguka vizuri hukwama tena baada ya nusu mzunguko, na hapo ndipo watu wengi huvunja.

Gari likae imara kwanza

Kuvuta kle kwenye bolti ngumu ni kulivuta gari lenyewe. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika mbili. Viwanja vingi vya hapa ni changarawe ya volkano. Mguu wa jeki unazama upande mmoja na gari linaegemea polepole bila wewe kuona. Weka ubao mgumu wenye unene wa sentimita 4 au 5 na upana wa sentimita 30 chini ya jeki, na mwingine chini ya kila chandeli (stendi ya kuegemezea gari).

Usiliegemeze gari juu ya mawe ya lava yaliyopangwa, hata yakionekana magumu kiasi gani. Jiwe hilo lina matundu ndani. Linaweza kubeba gari asubuhi nzima kisha likapasuka kwa pigo moja la nyundo lililopita kwenye chasisi. Tofali la saruji lina hatari ileile. Kama huna chandeli, tumia vipande vya mti mgumu vilivyopangwa kwa kupishana, vinne au vitano, pana kuliko urefu wake kwenda juu. Jiwe la lava lifanye kazi moja tu: kuzuia gurudumu lisiviringike.

Nati za gurudumu zilegeze robo mzunguko gari likiwa bado chini. Ukimaliza kuliegemeza, lisukume kwa bega kabla ya kuingia chini yake. Likitikisika, panga upya.

Kle na duyi

Kwa bolti yenye kutu, duyi (soketi inayovaa kichwa cha bolti) iwe ya pembe 6. Ile ya pembe 12 inagusa ncha za kichwa tu, na ncha hizo ndizo kutu ilizozila kwanza. Kle ya mdomo wazi ni mbaya zaidi, itumie tu pale ambapo hakuna kingine kinachoingia.

Kwenye Toyota utahitaji zaidi 10, 12, 14, 17 na 19, na 21 kwa magurudumu. Kwa kawaida kichwa cha 10 ni bolti ya M6 (unene wa milimita 6), cha 12 ni M8, cha 14 ni M10. Ukikuta 13, ama kuna mtu aliyeweka bolti isiyo ya asili, ama kichwa cha 14 kimeliwa. Kisugue kwa burashi ya waya mpaka chuma kionekane ndipo uchague duyi, kwa sababu magamba ya kutu yanadanganya ukubwa. Duyi iingie kwa kugongwa kidogo na ifike mpaka chini. Inayocheza itaviringisha kichwa.

Kuhusu bomba la kurefusha mpini, piga hesabu kwanza. Bomba la sentimita 60 ukilivuta kwa uzito wa kilo 40 linatoa karibu Nm 240 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Bolti ya M6 ya daraja 8.8 (namba ya uimara wa chuma chake) hukazwa kwa Nm 10 hivi, M8 kwa Nm 25, M10 kwa Nm 50. Kwa hiyo bomba ni la bolti nene, M12 na kuendelea. Kwa M6 na M8 tumia mpini mfupi na mkono mmoja. Kama haitoki kwa mkono mmoja, dawa yake haipo kwenye mkono wa pili.

Kulowesha

Sugua kwanza nyuzi zilizotokeza nje ya nati. Hatua hii huchukua dakika 2 na huachwa na karibu kila mtu, ingawa nyuzi hizo ndizo njia nati itakayopita ikitoka. Zikiwa na magamba, nati itayavuta yote ndani.

Dawa ya makopo ya kulegeza kutu ni nzuri ukiipata ya kweli. WD-40 kazi yake hasa ni kufukuza maji. Inasaidia kwenye kutu nyepesi, kwenye nzito haifiki mbali. Mchanganyiko unaofanya kazi vizuri unatengenezwa nyumbani: mililita 100 za mafuta ya gia otomatiki na mililita 100 za asetoni. Asetoni ni nyepesi sana, inayavuta mafuta hadi ndani ya nyuzi kisha inaruka na kuyaacha humo. Vitu hivi viwili havikai pamoja, kwa hiyo tikisa kila mara kabla ya kumwaga. Uweke kwenye kopo la chuma lenye mdomo mwembamba. Asetoni inashika moto haraka, na inaharibu rangi, plastiki na mpira. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha inayouzwa sokoni mara nyingi imechanganywa na maji au si asetoni kabisa, soma chupa kabla ya kununua.

Ukikosa vyote, mazutu (dizeli) itafanya kazi, lakini ipe usiku mzima na hata siku mbili. Oili ya injini ni nzito mno, na ile ya vidanji (iliyokwisha kutumika) mbaya zaidi kwa sababu ya masizi.

Mwaga pande zote mbili, juu ya nati na chini yake, na pale bolti inapoingia kwenye chuma. Bolti inayotazama chini haishiki mafuta: izungushie kitambaa kilicholowa, kisha funika kwa kipande cha plastiki ili asetoni isiruke. Lowesha jioni, rudia kabla ya kulala, rudia asubuhi, ndipo uanze kazi. Karibu na breki jihadhari. Pedi zikishaingiwa na mafuta ni za kubadilisha, kuziosha hakuzirudishi.

Kugonga na kutikisa

Kugonga kunapasua kutu na kufungua njia ya mafuta. Tumia nyundo ya gramu 500 na upige kichwa cha bolti kwa kufuata mstari wa bolti yenyewe, mapigo 10 hadi 20 ya wastani. Nati igonge ubavuni huku nyundo nzito zaidi ikiwa imeegemezwa upande wa pili. Usipige ncha ya nyuzi moja kwa moja, itapanuka na nati haitapita. Weka kipande cha shaba nyeupe au cha aluminiamu katikati. Lowesha tena baada ya kugonga.

Sasa vuta, lakini kwa kukaza kwanza, kidogo sana. Kukaza kunavunja kutu upande ambao nyuzi hazijabanwa. Kisha legeza. Ikisogea sehemu ya nane ya mzunguko, irudishe, ongeza mafuta, sogeza tena mbele kuliko mara ya kwanza, rudisha. Utasikia inalia. Mlio huo ni kutu inayosagika, na mafuta yanapaswa kutoka mekundu kwenye nyuzi. Bolti moja ya amortisa (shokamzoba) inaweza kuchukua dakika 20 hivi, na dakika hizo ni rahisi kuliko kutoboa.

Mkono wako ujifunze tofauti moja. Nati inayoachia inafanya hivyo kwa ghafla, kwa mlio mkavu, na baada ya hapo inakuwa nyepesi. Bolti inayojipinda haina mlio: kle inaenda taratibu, laini, na ukiiachia inarudi nyuma kidogo yenyewe. Ukihisi hivyo, acha hapo hapo. Kichwa kimezunguka lakini nyuzi hazijasogea. Robo mzunguko zaidi na imekatika. Rudi kwenye mafuta au nenda kwenye moto, na bolti hiyo hata ikitoka nzima usiirudishe kwenye gari, imeshavutika.

Moto

Pasha nati, usipashe bolti. Kazi ni kupanua tundu. Kwenye M10, nati ikizidi bolti kwa digrii 300, tundu linapanuka kwa milimita 0.036 hivi, inaonekana ni kitu kidogo, lakini inatosha kupasua kutu. Kama bolti imeingia kwenye chuma cha gari, pasha chuma kinachoizunguka.

Jiko dogo la gesi la mkononi linatosha M8 na M10. Kwa bolti za chasisi unahitaji chalumo ya oksijeni na asetileni, na hiyo iko kwa fundi wa tola (wa bodi). Pasha kwa sekunde 30 hadi 60, mpaka nati ianze kuonyesha wekundu hafifu ukiitazama kivulini, kisha igeuze kabla joto halijafika kwenye bolti. Njia nyingine inayofanya kazi vizuri sana: iache ipoe kidogo mpaka isiwe nyekundu, gusisha mshumaa kwenye nyuzi, nta iyeyuke na kunyonywa ndani. Geuza ikiwa bado moto.

Kabla ya kuwasha, angalia kilicho ndani ya nusu mita. Tanki la esansi (petroli) na mabomba yake, mipira ya breki, amortisa za gesi, nyaya, rangi ya lami iliyopakwa chini ya sakafu: kama kipo na huwezi kukiondoa au kukikinga, moto hautumiki hapo. Asetoni uliyomwaga asubuhi ifute na uiache ikauke. Kama ulisafisha kwa kopo la dawa ya breki yenye klorini, usilete moto kabisa mpaka sehemu ioshwe kwa maji na kukauka, kwa sababu dawa hiyo ikichomwa hutoa gesi yenye sumu kali. Nati iliyopakwa zinki nayo hutoa moshi mbaya, kaa upande upepo unakotoka. Bolti za daraja 10.9, namba imeandikwa kichwani, hupoteza ugumu zikifika wekundu. Zibadilishe zote ulizopasha.

Kichwa kilichoviringika

Gonga duyi ndogo zaidi kwa nguvu: ya 13 juu ya kichwa cha 14, ya 11 juu ya kile cha 12. Ikishindikana, chonga pande mbili bapa kwa tupa na utumie koleo la kujifunga, lililokazwa mpaka liume. Nati ambayo huihitaji tena ikate kwa grinda, diski ya milimita 1, sambamba na bolti, ukisimama kabla ya kufika kwenye nyuzi. Malizia kwa tindo na pigo moja, itapasuka. Vaa miwani ya kazi. Umeme ukikatika katikati ya kazi zima swichi ya grinda kabla hujaiweka chini, la sivyo utakaporudi itaanza kukimbia yenyewe.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuchomelea nati mpya juu ya kichwa kilichoharibika, kwa sababu inaleta kishikio na moto kwa wakati mmoja. Ondoa kwanza waya hasi wa betri, na kibano cha masi (waya wa kurudisha mkondo) ukiweke karibu kabisa na bolti ili mkondo usipite kwenye beringi na vifaa vya umeme.

Ikishakatika

Kama kipande kimebaki nje hata milimita 3, chomelea nati juu yake: chagua nati yenye tundu linalozidi kidogo unene wa kipande, jaza katikati kwa kuchomelea, subiri mpaka iweze kuguswa, kisha tikisa mbele na nyuma. Jaribio la kwanza mara nyingi linakatika. Rudia, kila mara joto linalegeza zaidi.

Kama imekatika sawasawa na uso, laini uso kwa tupa na upige alama katikati kabisa. Chukua muda hapa, maana tundu lililokwenda kando litakula nyuzi za upande mmoja. Anza na keekee ya milimita 3, mwendo wa polepole, mafuta tele, kisha panda hatua kwa hatua. Kitoa-bolti cha kugonga ndani hatukipendekezi kwa anayeanza. Ni cha chuma kigumu lakini chepesi kuvunjika, na kikikatikia ndani keekee ya kawaida haikitoboi tena. Ni afadhali kutoboa mpaka kipimo cha kuchonga nyuzi upya kwa taro, kifaa cha kukata nyuzi ndani ya tundu (namba baada ya × ni umbali kati ya nyuzi kwa milimita):

- M6 × 1.0: keekee ya 5.0
- M8 × 1.25: 6.8
- M10 × 1.25: 8.8 (tumia 8.75 kama ipo)
- M10 × 1.5: 8.5
- M12 × 1.25: 10.8
- M12 × 1.5: 10.5

Taro iende nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili kukata nyuzi za chuma zinazotoka.

Sehemu zinazosumbua kuliko nyingine

Tambur ya nyuma ya breki iliyoganda haihitaji nyundo nyingi. Toyota iliacha matundu mawili yenye nyuzi za M8 × 1.25 kwenye uso wake. Hakikisha breki ya mkono imeachiliwa, ingiza bolti mbili, kaza kwa zamu nusu mzunguko mmoja mmoja, tambur itajisukuma yenyewe nje. Disiki nyingi zina matundu hayohayo.

Skrubu ya kutolea hewa kwenye breki, ya kle ya 8 au 10, ina tundu ndani, kwa hiyo ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Ingiza shina la keekee linalobana ndani ya tundu ili kuta zisijikunje, gonga kwa upole, tumia duyi ya pembe 6. Ikikataa, badilisha kalipa au ipeleke mezani. Usiivunje gari likiwa ndilo pekee la nyumbani.

Bolti ndefu za mikono ya sospensheni huganda ndani ya bomba la silenbloki (bushi ya mpira). Utaiona inazunguka pamoja na mpira na kurudi. Hapo mafuta hayafiki vizuri na kupiga nyundo kunapinda masikio ya chasisi. Kata pande zote mbili kati ya silenbloki na sikio, na uweke bolti na silenbloki mpya. Kwenye ncha ya usukani, kabla ya kulegeza nati ya kufungia, piga mstari wa rangi na uhesabu mizunguko wakati wa kutoa, usipoteze mwelekeo wa magurudumu. Na upande mmoja unaweza kuwa na nyuzi za kushoto (zinazofunguka kwa kuzungusha kulia), angalia mteremko wake.

Nati za ekzosi, nyingi M10 × 1.25 zenye kichwa cha 14, zilowekwe usiku na kufunguliwa injini ikiwa na joto la kugusika.

Wakati wa kurudisha

Duka nyingi za vyuma huwa na M10 × 1.5, wakati Toyota hutumia 1.25. Bolti ya 1.5 itaingia mzunguko mmoja au miwili, itakaza, na ukiendelea itaharibu nyuzi za chuma cha gari. Beba ile ya zamani dukani, zilaze mbili nyuzi kwa nyuzi mbele ya mwanga. Upenyo ukionekana, si yenyewe. Kichwa kisicho na namba ya daraja usikiweke kwenye breki, usukani wala sospensheni. Bolti ya chuma kisichoshika kutu nayo si jibu: ya kawaida ni dhaifu kuliko 8.8, huwa na tabia ya kuganda kwenye nati ya aina yake, na ndani ya aluminiamu inaharakisha kuliwa kwa aluminiamu yenyewe.

Safisha tundu kwa taro ya kipimo kilekile, paka grisi ya shaba kwenye nyuzi za ekzosi, chasisi na sospensheni, safu nyembamba tu. Nyuzi zenye grisi hujikaza zaidi kwa nguvu ileile, kwa hiyo punguza kipimo cha kukaza kwa robo hivi, la sivyo utavuta bolti mpya siku ya kwanza. Nati za gurudumu ziache kavu: Corolla na RAV4 zenye M12 × 1.5 hukazwa kwa Nm 103. Grisi ukiipaka kidogo, ikae kwenye duara la katikati linaloshika rimu, isifike kwenye nyuzi wala mahali nati inapokalia. Endesha kilomita 50, kisha kagua tena kila nati uliyoigusa; kwa gari linalopita kila siku kwenye mawe ya mitaa ya juu, kagua jioni ya siku ileile.